Farasi akiruka g5, usikimbilie kumla askari

Mashindano ya chesi ya vijana hapa Kampala yakianza, ukiona watu wamejazana kwenye meza moja dakika tano baada ya saa kubonyezwa, chungulia: farasi wa Mweupe yuko mraba wa g5 (herufi a hadi h ni safu, namba 1 hadi 8 ni mistari). Askari e4 na e5, farasi f3 na c6, askofu c4, farasi f6, kisha huyo farasi anaruka. Yeye na askofu wanaikodolea f7, mraba unaolindwa na mfalme peke yake.

Mweusi anasukuma askari d5, Mweupe anamla. Wengi hapo humla askari huyo kwa farasi. Mweupe anamtoa kafara farasi wake kwenye f7, mfalme anamla, malkia anatoka f3 na sheki (anamtishia mfalme), na mfalme akitaka kumwokoa farasi wa d5 lazima apande e6, katikati ya ubao, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Polerio, mchezaji wa Italia, alicheza hivi Roma karibu na 1610. Kompyuta inaweza kumtetea Mweusi. Mtoto wa Katwe, mtaa wa Kampala, aliyekulia kwenye simulizi za Phiona Mutesi, mchezaji chesi maarufu wa mtaa huo, hatakupa nafasi hiyo.

Mwanafunzi wangu, akiwa Mweusi, alipeleka farasi a5. Farasi pembeni, naam, lakini anamfukuza askofu. Sheki ya b5 ikazibwa kwa askari c6, askari wakaliana, askofu akarudi e2. Mweusi amepungukiwa askari mmoja, ila sasa kila hatua yake inamsukuma mtu: h6, farasi f3, e4, farasi e5, askofu d6, huyohuyo farasi tena! Mweupe akasukuma d4, askari akamla kwa kupita (kana kwamba amesogea mraba mmoja tu), farasi akatua d3. Mpaka hapo farasi mmoja amezurura hatua tano, na upande wa malkia wa Mweupe umelala.

Malkia c7 akaungana na askofu kuitazama h2, Mweupe akalazimika kutumia hatua kwa h3. Kisha kasri (mfalme na ngome wakahama pamoja), c5, na askofu b7 akilenga g2. Ushindi ulikuja baadaye, mpinzani akiwa hana muda kwenye saa, lakini mimi ningechukua upande wa Mweusi tangu hapo.

Jiandae tu na hatua ya 9, farasi h3 badala ya f3. Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, aliijaribu kwenye mechi ya telegrafu dhidi ya Mrusi Chigorin, akapoteza. Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akaifufua 1963 akamfunga Mmarekani mwenzake Bisguier. Usimle farasi huyo haraka: askari wa Mweupe watavurugika, ila atabaki na maaskofu wawili.