Mashine haijui kilichomo kwenye chupa yako

Limenifika tena. Safari hii lilianza na ujumbe wa simu, chupa ikafuata nyuma yake: "Daktari, itie tu kwenye ile mashine yako utuambie kuna nini ndani." Chupa haina lebo, haisemi ilikotoka wala nani anahofia nini. Wanaosema hivyo si wajinga. Mara nyingi ni wasomi, na mara nyingine ni wakemia wenzangu wa matawi mengine, jambo linaloniudhi zaidi. Kazi yangu yote ya utafiti nimeifanya mbele ya spektrometa za masi, yaani mashine zinazopima masi za molekuli, kuanzia molekuli ndogo za dawa hadi protini, na hiyo mashine inayosema kila kilichomo sijakutana nayo bado. Niliyo nayo mimi inahesabu ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazofika kwenye detekta, basi.

Misingi naipitia mbio. Molekuli isiyo na chaji haiongozeki kwa umeme, kwa hiyo kwetu ni kama haipo. Lazima kwanza igeuzwe ioni, na ioni hiyo ielee ndani ya ombwe. Kisha tunapima m/z, yaani masi ikigawanywa kwa idadi ya chaji. Ndiyo maana lisozaimu, protini ya yai la kuku, yenye masi ya karibu daltoni (Da, kipimo cha masi ya molekuli) 14,305, ikibeba chaji 10 inajitokeza karibu na 1,431.5, na mgeni akaidhania kitu kidogo. Mwanafizikia Thomson aliona dalili za neon ya masi 20 na ya masi 22 kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwenzake Aston akaunda chombo bora zaidi mwaka 1919 na kupata Nobeli mwaka 1922. Kupima masi tunakujua vizuri kwa zaidi ya miaka mia sasa. Tatizo haliko hapo.

Tatizo liko mlangoni, pale molekuli inapopewa chaji au kunyimwa.

Tazama ncha ya sindano ya elektrosprei, njia ya kutengeneza ioni kwa kunyunyiza kioevu chenye chaji. Volti elfu kadhaa zinakivuta kioevu hadi kinachongoka mfano wa koni, na kwenye ncha ya koni yanaruka matone madogo mno yenye chaji. Kiyeyusho kinakauka, tone linasinyaa, chaji zinabanana juu ya uso wake, zinasukumana, tone linapasuka na kuzaa matone madogo zaidi. Mwishowe inabaki ioni peke yake. Mkemia Fenn alipata sehemu yake ya Nobeli ya 2002 kwa kuonyesha kwamba hata protini kubwa hupita njia hii bila kuvunjika. Vitabu huichora hatua ya mwisho kwa mshale mmoja safi, lakini wataalamu bado wanabishana: je, ioni hurushwa kutoka kwenye tone, au ndiyo inayosalia tone likishakauka lote? Kwa molekuli ndogo wengi huelekea jibu la kwanza, kwa protini zilizokunjika jibu la pili, na katikati hapo kila mtu ana mchoro wake. Mimi msimamo wangu hutegemea data niliyoitazama mwisho.

Lisilobishaniwa ni kwamba nafasi juu ya uso wa tone ni haba, na chaji nazo ni haba. Molekuli yenye nitrojeni inayopenda protoni (chembe ya chaji chanya), yenye mkia unaokimbia maji, inawahi juu na kuondoka na chaji. Sukari inachelewa. Heksani, kiyeyusho cha maabara, haipati kitu kabisa: jaza chupa heksani hadi kwenye kizibo, na elektrosprei itakuonyesha uchafu uliomo ndani yake huku heksani yenyewe haionekani. Kwa hiyo ukiona kilele kirefu na kilele kifupi kwenye spektra moja, yaani mchoro wa ioni zilizohesabiwa kwa kila m/z, usiniambie kitu cha kwanza ni kingi kuliko cha pili. Vitu viwili vya kiasi kimoja vinaweza kupishana mara mia, hata zaidi. Nimeona ripoti ambazo mtu amechukua urefu wa vilele vyote, akajumlisha, akagawanya, akatoa asilimia ya kila kiambato hadi sehemu ya kumi. Hesabu haina kosa hata moja, ila haina maana.

Anayebisha mimi humwonyesha jaribio moja ambalo ningependa lifundishwe siku ya kwanza. Chukua dawa unayoijua, isukume kwa pampu ya sindano kwa kasi isiyobadilika, iungane na mkondo unaotoka kwenye kolamu ya kromatografia (mrija unaotenganisha viambato ili vitoke kwa zamu) kabla haujaingia kwenye mashine. Kwenye skrini utaona mstari ulionyooka: dawa inaingia kwa kiasi kile kile, sekunde baada ya sekunde. Sasa dunga kwenye kolamu plazma ya damu isiyo na dawa hiyo hata chembe, iliyoondolewa protini tu. Chumvi zinatoka kwanza, mstari unaporomoka karibu na sifuri. Unapanda, unanyooka. Baadaye zinatoka fosfolipidi, mafuta ya kuta za seli, unaporomoka tena, na safari hii unakaa chini muda mrefu. Pampu haikusimama. Dawa ilikuwa inaingia muda wote, ila ilinyimwa chaji, ikanyamazishwa, na mashine ikaapa haipo.

Tiba ipo. Unatia kwenye kila sampuli kiasi kinachojulikana cha dawa ile ile iliyotengenezwa kwa isotopi nzito, nazo zikanyamazishwa kwa pamoja, kisha unasoma uwiano. Hapo pia kuna kanyaga-twende. Wengi hununua iliyowekwa deuteri (haidrojeni nzito) kwa sababu ni nafuu, halafu wanasahau kwamba deuteri nyingi huifanya molekuli itoke kwenye kolamu mapema kidogo kuliko pacha wake. Ikiwa bonde la fosfolipidi limeangukia kati yao, mmoja ananyamazishwa na mwenziwe anapona, na uwiano unakudanganya kwa sura ya uaminifu kabisa. Kaboni-13 haina tabia hiyo, au angalau sijaiona ikiwa nayo. Bei yake ndiyo inayofanya watu wajidanganye kwamba deuteri inatosha.

Neno "haikuonekana" nalo linatumiwa vibaya kupita kiasi. Maabara nyingi za upimaji hutumia kwadrupoli tatu, vichujio vya ioni vilivyopangwa mfululizo: ya kwanza inachagua ioni moja, ya pili inaivunja, ya tatu inachagua kipande kimoja. Ni chombo kikali sana, lakini kinatazama orodha uliyokipa tu. Sumu isiyo kwenye orodha inapita mbele yake kama mpita njia. Ripoti ikisema viuatilifu mia viwili havikuonekana, imezungumza kuhusu hivyo mia viwili, tena juu ya kiwango fulani, tena kwa kuchukulia kwamba havikunyamazishwa. Haijasema maji ni salama.

Basi tuseme ioni imefika. Ni nani huyu? Hapa ndipo huletewa hoja ya mashine mpya yenye utengano mkubwa, yaani uwezo wa kutofautisha masi zinazokaribiana, "inayosoma hadi desimali ya nne." Ni kweli, desimali hizo zinasaidia. Monoksidi ya kaboni ni 27.9949, nitrojeni ni 28.0061, etheni ni 28.0313. Chombo cha kawaida kinaviona vyote kuwa 28, chombo kizuri kinavitenganisha bila jasho. Lakini hapo umepata fomula, hujapata jina. Leusini na isoleusini zote ni C6H13NO2, 131.0946. Ongeza desimali ishirini, namba zitabaki zile zile, maana atomu ni zile zile. Mofini na haidromofoni zote ni C17H19NO3, na zikipokea protoni zinakaa pamoja kwenye 286.14. Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka kwenye kolamu na jinsi zinavyovunjika, vikilinganishwa na sampuli safi inayojulikana ya kila moja iliyopimwa kwenye chombo hicho hicho. Glukosi, fruktosi na galaktosi sizigusi leo, nitaharibikiwa siku.

Na ile alama ya maktaba! Kwenye kromatografia ya gesi tunavunja molekuli kwa elektroni za eV (elektronivolti) 70, nishati ambayo vipande vyake hutoka karibu sawa kwenye kila mashine, ndiyo maana maktaba kubwa za spektra ziliwezekana. Programu inalinganisha, inatoa jina na alama, tuseme 950 kati ya 999. Mtu anasoma: "uhakika wa asilimia 95." Hapana! Alama hiyo inasema spektra mbili zinafanana kiasi gani, haisemi uwezekano kwamba jina ni sahihi. Meta-zaileni na para-zaileni zina spektra ambazo mimi siwezi kuzitofautisha, 91 na 106 zikiwa mahali pale pale, na kwenye kolamu nyingi za kawaida zinatoka pamoja. Programu itachagua mojawapo bila aibu. Kama kitu chako hakimo kwenye maktaba, nayo haitakuambia hakimo, itakupa jirani yake.

Sasa uchafu, yaani vilele vya kweli vya vitu ambavyo havikutoka kwenye sampuli. Kilele cha 149 nikikiona kwenye kromatografia ya gesi, wazo la kwanza ni fthalati, kilainishi cha plastiki. 207 na 281 ni siloksani zinazovuja kwenye kolamu yenyewe au kwenye kizibo cha mpira. Kwenye elektrosprei, 391.28 ni fthalati tena. Wanafunzi wangu wanazijua kwa moyo kabla ya kujua kuwasha pampu za ombwe.

Lakini mazoea hayo nayo yana hatari yake, na hapa sina jibu safi. Mwaka 1976 vyombo vya anga vya Viking vilipasha moto udongo wa Mirihi na kupitisha gesi zake kwenye kromatografia na spektrometa ya masi. Mbali na maji na dioksidi ya kaboni, yalijitokeza mabaki ya klorometani na diklorometani. Waliosoma data wakaona ni viyeyusho vilivyotumika kusafishia vyombo huku Duniani. Ningesema vivyo hivyo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta peroklorati, chumvi zenye klorini na oksijeni, kwenye udongo wa Mirihi, na mwaka 2010 watafiti wakaonyesha kwamba udongo wa jangwa la Atacama ukichanganywa na peroklorati na kupashwa moto hutoa klorometani na diklorometani. Huenda basi viumbehai au vimondo viliacha kaboni pale, ikaungua tulipokuwa tunaipima. Wengine hawakukubali, wakasema maelezo ya uchafu bado yanasimama. Baadaye gari la Curiosity huko Mirihi likakuta klorobenzeni iliyohesabiwa kuwa ya huko huko, hoja ikazidi kuwa ngumu. Vilele ni vile vile tangu 1976. Kilichobadilika ni tulichokijua kuhusu udongo.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa mwenye chupa: udongo wake. Niambie kimiminika kilitoka wapi, kiliguswa na nini, kilikaa kwenye jua au baridi, kilihifadhiwa kwa asidi au la. Niambie unahofia nini, hata kama ni kisio tu, ili nijue kama nitumie elektrosprei, elektroni za eV 70, au nikuelekeze kwa mtu wa metali nzito, maana hayo ni mashine nyingine kabisa. Kubali kwamba jibu linaweza kuwa "fomula hii, majina matatu yanawezekana," au "kuna kitu hapa, sijui ni nini." Katika uchunguzi usio na orodha, vilele visivyo na jina ndivyo vingi kuliko vyenye jina.

Na lete chupa ya pili ya aina ile ile, isiyo na kitu ila maji safi, iliyojazwa siku ile ile na mkono ule ule, nijue uchafu wa chupa yenyewe. Bila hiyo sipimi.