Je, Wajua Kwa Nini Walimu Wawili Waliofundisha Miaka Sawa Hupata Pensheni Tofauti Uganda?

Chukua walimu wawili wa shule moja ya sekondari ya serikali mjini Arua. Wote wana digrii, waliajiriwa mwezi mmoja, na sasa wamefikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, wakiwa na utumishi wa miaka 30 kamili. Mmoja amefundisha fizikia, mwenzake historia. Mwalimu wa fizikia anakokotolewa kiinua mgongo cha shilingi 172,800,000. Wa historia anapata kama 43,200,000. Hapo karani hajakosea hata senti. Kikokotoo kimefanya kazi yake sawasawa, na kasoro imo ndani ya kikokotoo chenyewe.

Hesabu ni hii. Unachukua idadi ya miezi ya utumishi, unazidisha kwa mshahara wa mwisho wa mwaka mzima, kisha unagawanya kwa 500. Jibu ndilo pensheni ya mwaka. Miaka 30 ni miezi 360. Mshahara wa mwalimu wa historia tuuweke milioni 1 kwa mwezi ili hesabu iwe nyepesi, ingawa viwango vilivyoanza Julai 2022 vilimpa zaidi kidogo. Kwa mwaka ni milioni 12. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 500, unapata 8,640,000.

Hazilipwi zote kila mwaka. Theluthi moja, yaani 2,880,000, inazidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo: hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye anapokea 480,000 kila mwezi. Baada ya miaka 15 ile theluthi hurudishwa, akalipwa pensheni kamili ya 720,000. Akifariki kabla ya miaka hiyo 15, familia huendelea kulipwa mpaka muda huo utimie.

Watu wengi hukiona kiinua mgongo kama zawadi ya serikali, na si hivyo. Ile theluthi ni 240,000 kwa mwezi, na ukiizidisha kwa miezi 180 unapata 43,200,000 kamili. Ni pensheni yako mwenyewe uliyolipwa mapema, bila riba. Ndiyo maana kuchelewa kwake kunauma hivi: theluthi inaanza kukatwa katika hesabu tangu mwezi wa kwanza, wakati fedha iliyopaswa kuifidia bado haijaingia benki.

Sasa turudi kwa mwalimu wa fizikia. Mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii ulipandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23. Kabla ya hapo yeye na mwenzake wa historia walikaribiana sana. Tuseme katika miaka yake 30 amelipwa milioni 4 kwa miaka mitatu tu. Kikokotoo hakijui hilo. Kinaiona hati ya mshahara ya mwisho na kuihesabu kana kwamba alilipwa hivyo miezi yote 360. Kingepima wastani wa kazi nzima, tukichukulia milioni 1 kwa miaka 27 na milioni 4 kwa miaka mitatu, wastani ungekuwa milioni 1.3 na kiinua mgongo 56,160,000.

Na usidhani walimu wote wa sayansi wamenufaika. Aliyestaafu Juni 2022 alikokotolewa kwa mshahara wa zamani. Mwenzake aliyestaafu miezi michache baadaye alipata takriban mara nne yake. Darasa ni lilelile, na maabara ni ileile. Walimu walipogoma mwaka 2022, na wale wa masomo ya sanaa walipogoma tena Juni 2025, wengi waliusikia mgogoro wa mshahara tu. Kwa mwenye miaka 57 ulikuwa mgogoro wa maisha yake yote yaliyobaki.

Je, tutumie wastani? Si rahisi hivyo. Mishahara ya miaka ya 1990 ni midogo mno kwa thamani ya shilingi ya leo, na wastani usiorekebishwa ungewaumiza wote wawili. Kwa maoni yetu, wastani wa miaka kadhaa ya mwisho, uliorekebishwa kwa kupanda kwa bei, ungekuwa wa haki zaidi. Kifungu cha 254 cha Katiba kinataka pensheni iendane na cheo, mshahara na muda wa utumishi, isitozwe kodi, ipitiwe upya mara kwa mara kulingana na thamani ya fedha, na ilipwe kwa wakati. Mshahara wa mwezi wa mwisho pekee hauelezi muda wote huo.

Kuna ukuta mwingine: miaka 10. Mtumishi asiyefikisha utumishi wa miaka 10 mfululizo hapati pensheni ya kila mwezi. Wanaoumizwa zaidi ni walimu waliofundisha muda mrefu katika shule za serikali wakilipwa na wazazi, bila kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Aliyeajiriwa rasmi akiwa na miaka 51 anafika 60 akiwa na miaka 9 tu. Miaka aliyolipwa na wazazi haihesabiwi hata kidogo.

Mtumishi wa kawaida hachangii pensheni yake. Hulipwa kutoka bajeti ya serikali, na bajeti ikibana, malimbikizo huongezeka. Wabunge wana mfuko wao tangu 2007, ambao mbunge huchangia asilimia 15 na serikali asilimia 30. Muswada wa mwaka 2024 wa mfuko wa pensheni ya utumishi wa umma ulipendekeza mtumishi achangie asilimia 5 na serikali asilimia 10. Mfuko wa aina hiyo una faida moja kubwa: kila mwezi uliofanyia kazi una fedha yake iliyowekwa, hata mshahara wa mwisho uwe gani.

Kwa anayestaafu chini ya utaratibu wa sasa, miezi ndiyo pekee iliyo mikononi mwake. Kila mwezi unaopotea kwenye faili ni sehemu 1 kati ya 500 ya mshahara wa mwaka; miezi inayohesabiwa mwisho wake ni 435, ambayo ni asilimia 87 ya mshahara huo. Hivyo tafuta mapema barua ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kila uhamisho. Linganisha tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye faili na iliyo kwenye kitambulisho cha taifa, na uangalie kama majina yameandikwa kwa mpangilio uleule. Tarehe mbili zikipishana, faili husimama, na kuirekebisha ukiwa bado kazini, ofisa utumishi wa wilaya akikufahamu, ni kazi nyepesi kuliko kuifuatilia ukiwa umesharudi kijijini.