Wenza wa jinsia moja na kuasili mtoto: yanayosemwa barazani na yaliyoamuliwa mahakamani

Mada ya wenza wa jinsia moja kuasili mtoto, yaani kuwa wazazi wake kisheria, ikiibuka barazani, haipiti muda mtoto ameshasahaulika. Mmoja ataleta aya, mwingine ataleta Wazungu, wa tatu ataapa kwamba Afrika jambo hilo halijawahi kuwapo. Nitayapitia yale yanayosemwa sana kwa kuegemea zaidi Afrika Kusini, kwa kuwa ni nchi ya Afrika na suala hili lilifika mpaka Mahakama yake ya Katiba. Marekani nitaigusa pale inapolazimu. Imani ya mtu siigusi: dini inaweza kumkataza muumini wake jambo ambalo sheria ya nchi imeliruhusu, na hilo tunaliona kila siku. Nashughulika na madai yanayotolewa kana kwamba ni habari zilizothibitishwa.

"Siku hizi mashoga wana haki ya kupewa mtoto"

Hakuna mtu mwenye haki ya kupewa mtoto. Hata mume na mke waliofunga ndoa kanisani na kuishi pamoja miaka ishirini hawana haki hiyo. Kinachoitwa haki ya kuasili ni haki ya kuomba, ukapimwa kwa mizani ileile wanayopimiwa waombaji wengine, na ukishindwa unashindwa kama wao.

Mizani yenyewe si ya mchezo. Chini ya Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya mwaka 2005, mwombaji hufanyiwa tathmini na afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia uasili. Jina lake hutafutwa katika Sehemu B ya rejista ya taifa ya ulinzi wa watoto, wanakoorodheshwa watu wasiofaa kukaa na watoto. Idara ya maendeleo ya jamii ya jimbo hutakiwa kuandika barua ya mapendekezo. Mzazi aliyemzaa mtoto lazima aridhie, na akishatia saini bado ana siku 60 za kubadili mawazo. Mtoto aliyefikisha miaka 10 huulizwa mwenyewe, na asipotaka si jambo la kupuuzwa. Baada ya yote hayo Mahakama ya Watoto ndiyo inayotoa amri, ikiongozwa na kifungu cha 28(2) cha Katiba ya mwaka 1996 kinachosema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sheria hiyohiyo inakataza kumwengua mwombaji kwa sababu ya hali yake ya kifedha. Kwa hiyo na lile dai kwamba watoto huenda kwa wenye nazo halina mguu wa kusimamia.

"Kabla ya mahakama kuingilia, watoto walikuwa salama na nyumba hizo"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Sheria ya zamani ya Afrika Kusini, ya mwaka 1983, iliruhusu mtoto aasiliwe na mume na mke kwa pamoja, au na mtu mmoja asiye na ndoa: mjane, mtalaka, au ambaye hajaoa wala kuolewa. Haikumuuliza huyo mmoja anampenda nani. Maana yake, mwanamke anayeishi na mwenza wa kike aliweza kuasili mtoto kihalali kabisa. Asichoweza ni kuasili pamoja na mwenza wake.

Anna-Marie de Vos, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Pretoria wakati kesi ikisikilizwa, na mwenza wake Suzanne du Toit walikuwa wakiishi pamoja tangu mwaka 1989. Walipotaka kuasili ndugu wawili, msichana na mvulana, walifanyiwa tathmini pamoja na wakaonekana wanafaa pamoja. Mwaka 1995 amri ikatoka, ikiwa na jina la de Vos peke yake. Watoto wakahamia nyumba yenye watu wazima wawili, wakalelewa na wote wawili, ila mbele ya sheria mmoja wao alikuwa mpita njia.

Fikiria kuna fomu ya ridhaa ya upasuaji inayotakiwa kutiwa saini, na mwenye amri yuko safarini. Au mwenye amri amefariki. Mtu aliyewaamsha watoto hao asubuhi na kuwapeleka shule miaka yote hana karatasi hata moja inayosema ni wake.

Ndicho alichokiona Jaji Thembile Skweyiya alipoandika hukumu ya Mahakama ya Katiba tarehe 10 Septemba 2002, na majaji wenzake wote wakaafikiana naye. Zuio lile halikuwa likimzuia mtoto asiingie katika nyumba hiyo. Alikuwa tayari yumo. Lilichofanya ni kumpunguzia mzazi. Mahakama ikasema vifungu hivyo vinakiuka usawa, utu wa waombaji, na hasa maslahi ya watoto wenyewe. Haikuifuta sheria wala kusubiri Bunge. Iliongeza maneno ndani yake ili wenza wa kudumu wa jinsia moja waweze kuomba kwa pamoja.

Kwa hiyo anayesema "mahakama iliwatoa watoto kwenye usalama" angeambiwa asome kwanza sheria ya 1983 ilikuwa inaruhusu nini. Mimi naona hoja hii peke yake ingetosha kubadilisha namna tunavyobishana, hata kwa asiyekubaliana na hukumu.

"Yote yameletwa na ndoa za jinsia moja"

Tarehe zinakataa. Afrika Kusini uasili wa pamoja uliruhusiwa mwaka 2002. Sheria ya ndoa ilikuja Novemba 2006. Uingereza na Wales wenza wa jinsia moja waliweza kuasili pamoja tangu mwishoni mwa 2005, wakaanza kufunga ndoa mwaka 2014. Ureno ilikwenda kinyume: ndoa ilianza 2010 huku sheria ikikataza kuasili, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2016. Ni milango miwili tofauti, na kila nchi imefungua ule iliouona kwanza.

"Watoto wanaolelewa hivyo huharibika"

Dai hili lilipata bahati ya kupimwa mahakamani, Florida, Marekani. Mwaka 1977 jimbo hilo lilipiga marufuku shoga yeyote kuasili, hata akiwa peke yake. Lakini halikumkataza kuwa mlezi wa muda, anayemtunza mtoto kwa niaba ya serikali bila kuwa mzazi wake kisheria. Serikali ilipokosa pa kuwapeleka watoto usiku wa manane, iliwapigia simu watu walewale iliowaona hawafai kuasili.

Desemba 2004 mwanamume mmoja wa Miami aliyekuwa mlezi wa muda pamoja na mwenza wake alipelekewa ndugu wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa na miaka minne, mdogo miezi minne. Wote walikuwa na mapunye kichwani, na mdogo ana maambukizi ya sikio. Mkubwa hakuwa akiongea, na kumbukumbu za kesi zinaeleza alichokuwa akikihangaikia: kumlisha mdogo wake na kumbadilisha nepi. Ilitakiwa iwe ni kwa muda mfupi. Watoto wakanawiri, mkubwa akaanza kuongea, miaka ikapita, na haki za wazazi waliowazaa zikakoma kwa amri ya mahakama. Mlezi akaomba kuwaasili. Jimbo likasema hapana.

Mahakama ya rufaa iliamua mwezi Septemba 2010 kwamba marufuku hiyo ilivunja katiba ya jimbo. Kinachonivutia zaidi katika hukumu hiyo ni jambo ambalo halikubishaniwa: jimbo lenyewe, likiwa upande unaotetea marufuku, lilikubali kwamba mashoga na wasio mashoga ni wazazi wazuri kwa kiwango sawa. Lilikuwa na kila sababu ya kung'ang'ania kinyume.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha taaluma, walishaunga mkono mwaka 2002 kwamba mwenza wa pili aruhusiwe kumwasili mtoto, wakarudia msimamo huo mwaka 2013. Uingereza, Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walizilinganisha familia zilizoasili: za wanaume wawili, za wanawake wawili, na za mwanamume na mwanamke. Familia za jinsia moja hazikuonekana kuwa nyuma.

Upo utafiti wa mwaka 2012 wa Mark Regnerus unaosambazwa sana kuonyesha kinyume. Tatizo lake ni nani alilinganishwa na nani. Upande mmoja waliwekwa watu ambao mzazi wao aliwahi kuwa na uhusiano wa jinsia moja wakati wowote, wengi wakiwa wametoka katika nyumba zilizovunjika; upande wa pili watu waliokulia kwa baba na mama wasiowahi kutengana. Hapo umepima talaka, ukaiita jina jingine.

"Wanakuja kuchukua watoto wetu"

Huu ndio uvumi wa Afrika Mashariki, na sheria zetu zenyewe ndizo zinazoujibu. Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022, iliandika wazi kwamba amri ya kuasili haitatolewa kwa shoga, wala kwa waombaji wawili wasio mume na mke. Kisha Novemba 2014 serikali ikasimamisha uasili wa kwenda nje ya nchi kwa hofu ya biashara ya watoto. Tanzania, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, waombaji wa pamoja ni mume na mke, maombi husikilizwa na Mahakama Kuu, na mgeni lazima awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. Ngono yenyewe baina ya wanaume ni kosa la jinai katika nchi zote mbili.

Kuogopa biashara ya watoto ni haki kabisa, na imewahi kutokea kwa waombaji wa kila aina. Ila anayeiogopa kweli ataanza kuuliza karatasi za makao ya watoto zilivyojazwa, nani alitia saini ridhaa ya mama, na pesa zilipitia wapi. Kuuliza mwombaji analala na nani hakujibu hata swali moja kati ya hayo.

Na kwa wasomaji wa pwani wanaoona kuasili kwenyewe kuna shida kwa kuwa kunabadilisha nasaba: mjadala huo ni wa zamani na hauhusu jinsia ya waombaji. Kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba, imetajwa kwa jina lake katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989.

"Wakiachana, wa pili anarudi kuwa mtu baki"

Hapana. Amri ya kuasili ikishatoka, haishikamani na mapenzi ya walioiomba. Katika kesi ya 2002 ya Afrika Kusini hoja iliyotolewa ni kwamba hukumu isubirishwe, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kusimamia wenza wa jinsia moja wanapoachana. Mahakama ilijibu kwamba Mahakama Kuu ndiyo mlezi wa juu wa kila mtoto mdogo, na ina uwezo wa kuamua akae wapi bila kusubiri sheria mpya.

Marekani ilibidi jambo hili lifike juu kabisa. Wanawake wawili waliishi pamoja tangu 1995, mmoja akazaa watoto watatu, na mwaka 2007 mwenzake akawaasili kwa amri ya mahakama ya Georgia. Mwaka 2011 wakaachana wakiwa Alabama, na aliyezaa akawazuilia watoto. Mahakama ya juu ya Alabama ikasema amri ya Georgia haikutolewa sawasawa, hivyo haiitambui. Tarehe 7 Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja na bila hata kusikiliza hoja za mdomo, ikaitengua: amri ya kuasili iliyotolewa na jimbo moja jimbo jingine halina ruhusa ya kuichambua upya kwa kuwa haijaipenda. Mama wa pili akabaki kuwa mama wa watoto watatu, na suala la kuwaona likarudishwa Alabama kushughulikiwa kama la wazazi wowote waliotengana.