Kuujua Mwisho Si Kuijua Hadithi

"Shemeji, hiyo si ulishaiona?"

Juzi usiku nimeulizwa tena. Nilikuwa nimekaa mbele ya filamu ninayoipenda tangu usichana wangu, shemeji yangu akapita, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Mwisho unaujua. Sasa unatafuta nini?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu sini (onyesho) iliyokuwa inakuja sikutaka inipite. Leo namjibu kwa urefu, yeye na wote waliowahi kuniuliza hivyo, maana swali hili limenichosha, na linawanyima watu raha iliyo haki yao.

Kazi yangu ni uhariri wa filamu, yaani kukata na kuunganisha picha zilizopigwa. Dakika 90, kwa fremu (picha mojamoja) 24 kila sekunde, ni fremu 129,600, na mhariri huzipitia mbele na nyuma mpaka anazijua kama anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Mwisho naujua kabla sijagusa shoti ya kwanza, kile kipande kimoja kilichopigwa na kamera bila kukatizwa, kwa kuwa nimeshausoma kwenye muswada. Kama kuujua mwisho kungeua utamu, sisi wahariri tungekuwa tumeshakauka macho zamani. Hatujakauka. Nimelia kwenye sini niliyoikata mwenyewe, huku nikijua ni kwenye fremu ipi chozi la mwigizaji litaanza kushuka.

Kosa la shemeji yangu, na la wengi, ni kuchanganya mshtuko na taharuki. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu alipozungumza na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, na mpaka leo sijasikia mfano unaoushinda. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu linalipuka na anapata sekunde 15 za mshtuko. Kama anajua, na saa ya ukutani anaiona, maongezi yaleyale yanampa dakika 15 za taharuki. Anatamani kuwapigia kelele waache porojo watoke nje. Piga hesabu mwenyewe. Aliyefaidi zaidi ni yule anayejua.

Ukirudia filamu unakaa upande wa anayejua tangu dakika ya kwanza. Mshtuko umekwenda, hilo sikatai, na ndiyo maana simwambii mtu mwisho wa filamu ambayo hajaitazama: mara yake ya kwanza ni mali yake. Lakini mara ya pili kila neno la kawaida lina bomu chini yake.

Nitoe mfano wa karibu. Niliwahi kukata sini ya mwanamke anayeondoka nyumbani asubuhi. Anafunga kifungo cha koti, anaweka ufunguo mezani, anatoka. Baadaye sana ndipo mtazamaji anagundua kwamba hakuwa na nia ya kurudi. Mara ya kwanza niliikata shoti pale tu ufunguo ulipogusa meza. Sini ikawa nyepesi, ikapita. Halafu nikarudi kwenye shoti nzima nikaona kwamba vidole vya mwigizaji vilibaki juu ya ufunguo kidogo kabla ya kuuachia. Nikarudisha fremu 12. Nusu sekunde. Mtazamaji wa mara ya kwanza hana namna ya kujua ile nusu sekunde ni ya nini. Kwake huyo ni mwanamke anayeweka ufunguo. Anayerudia anajua anachokiona. Nimekaa ukumbini nikasikia watu wakishusha pumzi palepale, kwenye vidole, ilhali hakuna lolote lililokwisha kutokea. Zile fremu 12 niliwawekea wao.

Filamu zilizotengenezwa kwa uangalifu zimejaa vitu vya namna hiyo: rangi ya nguo inayofifia sini baada ya sini, sauti ya treni inayosikika kwa mbali nusu saa kabla treni haijawa na maana, mtu aliyesimama nyuma ya umati ambaye jina lake utalijua baadaye. Anayetazama mara moja akatangaza kwamba "ameimaliza" ameacha mezani sehemu tuliyoihangaikia kuliko zote.

Kwa nini moyo unadunda hata mara ya kumi? Kimantiki haieleweki: unajua kabisa kwamba atapona. Wapo wanaosema tukizama katika hadithi tunayasahau kwa muda yale tunayoyajua. Sikubaliani nao. Mimi nikitazama sijasahau kitu. Ninachokiona ni kwamba mhusika mwenyewe hajui, na hofu yangu ni kwa ajili yake. Kila nikianza upya, yeye anaanza akiwa hajui vilevile. Haya ni maoni ya mtu wa meza ya uhariri, na mwenye hoja bora nitamsikiliza.

Ushahidi wa maabara nao una mivutano yake. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji waliodokezewa mwisho wa hadithi fupi kabla ya kuzisoma walizifurahia zaidi. Nilifurahi sana nilipousoma. Lakini watafiti wengine waliofuata walipata matokeo tofauti, mengine kinyume kabisa, kwa hiyo siutumii kama rungu la kumpigia shemeji yangu. Nausimamia ushahidi wa vidole juu ya ufunguo.

Na ngano, zile hadithi za kale za kusimuliwa, je? Hapa ndipo hoja ya "ulishaisikia" inapoporomoka yenyewe. Ngano husimuliwa kwa watu wanaoijua. Zile hodi tatu, zile dada tatu, yale maneno yaleyale kila zimwi likirudi, vimewekwa ili msikilizaji ayangojee. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu aliniomba ngano ileile kila usiku, miezi na miezi. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka, nikaruka hodi ya pili. Alikuwa ameshalala nusu, macho yamefumba. "Mama, alibisha mara tatu." Nikarudi nyuma, nikabisha ubao wa kitanda mara tatu, naye akageukia ukutani akalala. Ule ulikuwa uhariri mbovu wa kwangu na yeye aliugundua akiwa usingizini. Mwaka huohuo wa 2011 mtafiti Jessica Horst na wenzake walionyesha kwamba watoto wa umri huo hujifunza maneno mapya vizuri zaidi wakisomewa hadithi zilezile tena na tena kuliko wakisomewa hadithi tofautitofauti zenye maneno hayohayo. Mzazi anayesema "leo tubadilishe, hii imezoeleka" afikirie mara mbili.

Tena hakuna ngano iliyo moja. Katika kitabu cha mwandishi Mfaransa Charles Perrault cha mwaka 1697, msichana mwenye kofia nyekundu analiwa na mbwa mwitu na hadithi inaishia hapo. Kwa ndugu Grimm, Wajerumani wawili waliokusanya ngano, mwaka 1812, mwindaji anapasua tumbo la mbwa mwitu, na bibi na mjukuu wanatoka wazima. Cinderella wa Grimm hana mama wa kichawi wa kumgeuzia boga kuwa gari. Nguo zake zinatoka kwenye mti ulioota juu ya kaburi la mama yake. Na hao ndugu wenyewe hawakuacha kukata: katika toleo la 1812, malkia anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi, na toleo la 1819 likamfanya mama wa kambo. Waliendelea kurekebisha hadi toleo la saba, mwaka 1857. Kwa hiyo ukiniambia kwamba Cinderella unamjua, nitakuuliza: yupi?

Sasa jambo linaloniudhi kuliko swali la shemeji, na linatoka kwa watu wa upande wangu. Kuna watu wanaojisifu kwamba filamu fulani wameirudia mara 50, kumbe inawaka tu huku wanakunja nguo na kujibu ujumbe wa simu. Huko si kurudia. Huko ni kuwasha taa. Sisemi ni dhambi. Sauti unazozipenda zikijaza nyumba ni jambo zuri, na nyumba yangu inazo. Lakini usije ukaniambia filamu imekwisha utamu wakati hujaitazama tangu mara ya tatu. Masikio yako ndiyo yaliyoizoea, na mhariri alitegemea macho. Ndiyo maana watu wanachoka na filamu walizozipenda na kudhani kwamba filamu imezeeka.

Nikiulizwa la kufanya, nasema tazama kidogo, lakini tazama kweli. Sini moja ya dakika sita baada ya kazi, simu ikiwa chumba kingine, inashibisha kuliko saa mbili za kusikia kwa pembeni. Siku nyingine zima sauti utazame mikono ya waigizaji tu. Siku nyingine fumba macho usikilize. Ngano ndizo rahisi kuliko zote kwa sababu hazihitaji umeme: isimulie kwa kichwa ukiosha vyombo, bila kitabu, na palipokupotea patakuonyesha sehemu ambayo hukuwahi kuisikiliza. Na tafadhali, usimalizie kwa kumuuliza mtoto amejifunza nini. Mwache nayo.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Mwaka aliofariki mama yangu niliitazama filamu moja karibu kila usiku. Ningemwambia yeyote kwamba naistarehea, na kwa sehemu ilikuwa kweli; nilikuwa na mahali pa kwenda ambapo kila mtu angesema nilichotarajia aseme. Ilipita miezi ndipo nikagundua kwamba naizima kila mara kwenye dakika ya 40. Baada ya hapo kuna sini ya hospitali. Niliujua mwisho vizuri kuliko mtu yeyote, na kwa sababu naujua niliweza kuukwepa. Je, ile ilikuwa faraja au maficho? Nimekata filamu nusu ya maisha yangu na siwezi kukuonyesha fremu ambapo kimoja kinaishia na kingine kinaanza.

Usiku mmoja dakika ya 40 ilifika nikaiacha iendelee. Sini ya hospitali ni fupi kuliko nilivyoikumbuka. Kuna shoti ya dirisha ambayo sikuwahi kuiona, pazia linapeperuka kidogo, halafu mkato.