Kwa nini chambo chekundu hugeuka cheusi chini ya barafu?

Fungua kisanduku cha mvuvi wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Januari, utadhani umeingia duka la shanga. Vyambo bandia vya metali nzito, risasi na tangsteni, vingine vidogo kama punje ya haragwe, kila kimoja na rangi yake: waridi, dhahabu, kijani cha ndimu, bluu yenye madoa meupe, tumbo la chungwa na mgongo mweusi. Mwenye kisanduku kajikunyata juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kaupa upepo, na mbele yake kuna tundu lenye upana wa sahani alilotoboa kwa keekee. Barafu aliyoikalia inapaswa kuwa na unene wa sentimita 10 angalau, la sivyo hana ruhusa ya busara kuwa pale. Ziwa lote limefunikwa. Samaki yuko chini gizani, na mvuvi anakodolea kisanduku macho: leo rangi gani?

Tuanze na kile chekundu, maana ndicho mkono hukimbilia. Kiganjani kinawaka kama pilipili. Kishushe mita 10 katika maji safi, na samaki atakayekikuta atakiona cheusi, au kijivu kama jivu la jikoni. Rangi haijabanduka. Kilichopotea njiani ni mwanga.

Kitu huwa chekundu kwa sababu kinameza rangi nyingine zote za mwanga na kuirudisha nyekundu peke yake. Pasipofika mwanga mwekundu, hakuna cha kurudisha. Na maji ni mlafi wa mwanga, tena mlafi mwenye utaratibu: huanza na nyekundu, hufuata chungwa, kisha manjano, na huichelewesha kijani na bluu hadi mwisho. Katika maji safi kabisa, kufikia mita 10 nyekundu iliyokolea hubaki asilimia chache tu, huku bluu ikiwa bado na zaidi ya asilimia 80. Wapiga mbizi wanalijua hili kwa damu yao wenyewe. Ukijikata kidole mita 20 chini ya bahari, damu inayotoka huonekana ya kijani kilichokolea. Ukiimulika kwa tochi, inarudi kuwa nyekundu papo hapo.

Mvuvi wa barafu ana shida ya ziada: ziwa lake lina paa. Barafu ya mwanzo wa msimu, ile iliyoganda kabla theluji haijaanguka, huwa angavu kama kioo cha dirisha, na wenyeji huiita nyeusi kwa sababu unayaona maji meusi chini ya miguu yako (mara ya kwanza, magoti hulegea). Hiyo hupitisha mwanga vizuri. Lakini theluji ikishaanguka juu yake mambo hugeuka. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, na kinachopenya hupungua zaidi kila inapoongezeka unene. Halafu jua lenyewe ni la kubahatisha: kusini mwa Minnesota, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, halipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi juu ya upeo wa macho. Linachungulia tu na kuondoka. Ndiyo maana chambo kilichokamata samaki kumi wiki iliyopita kinaweza kususiwa leo penye tundu lile lile, na kilichobadilika ni sentimita 15 za theluji.

Mpaka hapa mtu anaweza kujiandikia kanuni: kina kirefu, bluu na kijani, kina kifupi, nyekundu na chungwa. Kanuni hiyo ni nzuri kwa maji safi. Ipeleke Lake of the Woods, ziwa linalopakana na Kanada, nayo itakuangusha. Maji ya huko yamepita kwenye vinamasi vya mboji na yametoka na rangi ya chai ya rangi. Ile chai hula bluu kwanza. Mwanga unaobaki chini umeegemea chungwa na nyekundu, na kisanduku cha mvuvi wa huko kinakuambia hivyo kabla hajafungua mdomo: dhahabu, shaba, chungwa, waridi. Chambo cha bluu kule ni kipande cha giza ndani ya giza.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wa jambo hili, na kwa maoni yangu ni mzuri kuliko wote. Katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, wapo furu (samaki wadogo wa ziwa hilo) wa aina mbili wanaokaribiana sana, mmoja dume lake ni la buluu, mwingine dume lake ni jekundu. Huyo mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Maji ya huko yana tope na mimea midogo inayozuia bluu, kwa hiyo kadiri unavyoshuka mwanga unazidi kuwa wa chungwa na nyekundu. Na kweli, furu wa buluu hukaa karibu na juu, mwekundu hukaa chini zaidi, na macho ya kila mmoja yameelekea rangi inayopatikana mtaani kwake. Jike huchagua dume analoliona vizuri. Mahali ambapo maji yamechafuka mno, majike hushindwa kutofautisha na wale wawili huanza kuchanganyika. Mvuvi wa Minnesota akiuliza rangi gani itaonekana ziwani kwake, anauliza swali ambalo furu jike wa Mwanza hulijibu kila msimu wa kuzaliana.

Sasa jicho lenyewe. Samaki anayetafutwa kuliko wote huko Minnesota, na ambaye ni samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, anaitwa walleye. Jina lake la kisayansi ni Sander vitreus, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake ni -a kioo. Ukimmulika usiku macho yake hung'aa kama ya paka au fisi barabarani, kwa sababu nyuma ya retina ana tabaka linaloakisi mwanga ili upite mara mbili. Ni jicho la jioni. Kwa rangi, hata hivyo, hana mengi. Sisi binadamu tuna aina tatu za seli za kutambua rangi. Walleye mkubwa ana mbili, moja ya kijani na nyingine ya chungwa inayoelekea nyekundu. Bluu na zambarau kwake ni hafifu. Ndiyo sababu ile rangi ya ndimu, kama ya vizibao vya waendesha bodaboda, imejaa kwenye visanduku vya watu wanaomtafuta, pamoja na chungwa. Trauti ni habari nyingine: ana aina nyingi zaidi za seli hizo, na katika maji safi ya kina kirefu hufuatwa kwa nyeupe, fedha, bluu na kijani.

Kuna kitu kingine kinachotokea ndani ya jicho la samaki ambacho hakuna mvuvi anayekiona. Mboni zetu hupanuka giza likiingia. Za samaki wengi hazibadiliki. Badala yake, ndani ya retina, seli za rangi na seli za giza hupishana mahali, moja husogea mbele na nyingine hurudi nyuma, kama zamu za walinzi. Kazi hiyo huchukua muda. Samaki wadogo wa mchana wakiwa katikati ya kupishana huko hawaoni vizuri huku wala kule, na ndipo walleye, mwenye kioo chake machoni, anapoingia mezani. Saa ile ya jua kuzama inayosifiwa na wavuvi ina sababu yake. Na baada ya hapo seli za giza ndizo zinazofanya kazi, nazo hazijui rangi kabisa. Zinajua weupe na weusi.

Kwa hiyo usiku swali la rangi linakufa na kubaki swali la kivuli. Samaki akiwa chini ya chambo anatazama juu, na hata usiku, kukiwa na mwezi, juu kuna mwanga zaidi kidogo kuliko chini. Chambo cheusi kitii, kile ambacho mnunuzi wa mara ya kwanza hukiruka dukani, kinachora umbo lake wazi dhidi ya dari hilo. Mgongo mweusi na tumbo jeupe hufanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo: kikitikiswa, nyeupe na nyeusi hupokezana, na jicho lolote hushituka.

Halafu kuna vile vinavyong'aa, na hapa watu huchanganya vitu viwili. Rangi kali kama ya kile kizibao haina mwanga wake. Hupokea mwanga wa mawimbi mafupi, ukiwemo ule wa urujuanimno tusiouona, na kuutoa tena kama manjano au kijani. Mwanga ukizimika nayo huzimika. Ile inayong'aa gizani, kama mishale ya saa ya mezani, huweka akiba. Rangi za zamani zilitumia salfaidi ya zinki na hufifia upesi. Tangu miaka ya 1990 imekuwepo aluminati ya strontiamu, ambayo hukaa na mwanga kwa saa kadhaa. Mvuvi hukiweka chambo kwenye kiganja, hukimulika kwa tochi kwa sekunde chache, halafu hukifunika kwa ngumi na kuchungulia kati ya vidole kuona kama kimeshika. Kikiwaka kama taa, wenye subira husubiri kidogo kabla ya kukishusha. Katika maji safi mng'ao mkali mno humfanya samaki asimame pembeni ashangae tu.

Na hapo ndipo niseme ukweli wangu: nusu ya rangi zilizomo kwenye kile kisanduku zilitengenezwa kumkamata mvuvi. Mchoro wa magamba na vijicho vyekundu havionekani na yeyote mita 8 chini ya theluji. Rangi ina uzito zaidi kwenye barafu kuliko kwenye mashua kwa sababu moja tu. Huku chambo hakikokotwi kikapita mbio, kinaning'inia. Maji ya chini yana nyuzi 4 hivi za selsiasi, damu ya samaki imepoa, hana haraka ya kuchoma nguvu zake, na anaweza kukisogelea chambo, akakikagua kwa urefu wa kidole, akaondoka. Lakini kilichomleta hapo kwanza ni mtikisiko uliogusa ubavu wake, na kinachomfanya afungue mdomo mara nyingi ni funza hai, au kichwa cha samaki mdogo, kilichotungwa kwenye ndoana.

Yule wetu wa juu ya ndoo amepunguza kisanduku hadi vitatu. Kimoja cha dhahabu, kwa sababu maji yake yana chai. Kimoja cha ndimu, kwa saa za mchana pasipo na theluji nyingi. Cha tatu ni cheusi, nacho kiko mfuko wa ndani wa koti pamoja na tochi, maana vidole vikishaganda usiku hakuna anayeweza kukitafuta.