Usinunue waya mwingine wa HDMI, TV ndiyo inayokata picha

Mtu ameunganisha kompyuta na TV ya inchi 50. Picha imekuja, lakini ule mstari wa chini wenye saa hauonekani, au unaonekana nusu. Alama ya X ya kufungia dirisha, kule juu kulia, imemezwa na fremu. Maandishi yana ukungu, ukisoma muda kidogo macho yanauma. Anakwenda dukani, anaambiwa waya wake hafifu, achukue wenye vichwa vya dhahabu. Anachomeka ule mpya, saa bado haionekani. Ndipo ananitafuta, na swali lake la kwanza ni lilelile: "Fundi, nichukue waya wa aina gani?"

Si waya. Nimelijibu swali hili kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naliandika.

HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002, na tangu toleo la kwanza inabeba picha kidijitali, yaani sufuri na moja. Waya mbovu unapoteza baadhi ya hizo sufuri na moja, na dalili zake huwezi kuzikosa: vidoti vinavyometameta kama cheche, mistari inayopita ghafla, skrini kuzimika sekunde moja mbili kisha kurudi, au "No Signal" moja kwa moja. Waya haujui herufi ni nini. Hauwezi kutia ukungu kwenye maandishi tu na kuacha picha ya nyuma yake ikiwa safi, wala hauwezi kukata pande zote nne kwa kipimo kimoja. Ukiona kitu kimekatwa sawasawa pande zote, ujue kuna aliyekata kwa kukusudia, na huyo ni TV.

Kwenye VGA, ule waya wa zamani wa skrini za kompyuta, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Ile ni analogia, yaani picha inapita kama mawimbi ya umeme badala ya sufuri na moja, na waya mrefu au mwembamba ulileta kivuli pembeni mwa kila herufi. Aliyezoea VGA ana haki ya kuushuku waya. Kwenye HDMI hana.

Zipo siku waya wa HDMI unakuwa na hatia, na ni vizuri nizitaje hapahapa. Picha ya 4K, yenye vidoti mara nne ya 1080p, kwa Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inahitaji njia ya gigabiti 18 kwa sekunde, kiwango kilicholetwa na HDMI 2.0 mwaka 2013. Waya mrefu unaopitisha 1080p bila shida yoyote unaweza kushindwa hapo. Kipimo ni rahisi: shusha kompyuta hadi 1080p. Cheche zikiisha, badilisha waya, chukua mfupi wenye alama ya "Premium High Speed". Cheche zikibaki, jaribu tundu jingine la TV kabla hujatoa hela. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu kwenye vichwa, haina la kuongeza kwenye picha.

Sasa tuje kwenye mkato wenyewe. Unaitwa overscan, na ni urithi wa TV za chogo. Kwenye zile, picha ilichorwa kwa miale ya elektroni, na pembezoni haikutulia: ilivutika na kusinyaa kadiri umeme ulivyoyumba na TV ilivyozeeka. Watengenezaji wakaamua kuikuza kidogo ili kingo zake zijifiche nyuma ya fremu, na vituo vya televisheni, kwa kulijua hilo, vikawa haviweki maandishi karibu na ukingo. Ulikuwa uamuzi wa busara. TV bapa haina tatizo hilo, pikseli zake, yaani vidoti vinavyounda picha, zimekaa mahali pamoja maisha yote. Hata hivyo TV nyingi bado zinatoka kiwandani zikiwa zimewekewa overscan, kwa kudhani kila kinachoingia kwenye HDMI ni matangazo ya kituo fulani.

Hebu tuangalie hesabu, maana watu wengi hupita hapa bila kuona kwamba mkato na ukungu ni ugonjwa mmoja. Kompyuta inatuma pikseli 1920 kwa 1080, ndiyo hiyo 1080p. TV inatupa asilimia 5, inabaki na 1824 kwa 1026, halafu inazivuta hizo zijaze tena nafasi 1920 kwa 1080. Kila pikseli ya kompyuta sasa inatakiwa ikae kwenye pikseli 1.05 za TV. Hakuna pikseli 1.05. Kwa hiyo TV inachanganya jirani na jirani. Chukua herufi "l" ndogo, ambayo mguu wake ni safu moja ya pikseli nyeusi juu ya weupe. Ikivutwa hivyo, weusi unamwagikia safu ya pili, na unabaki na safu mbili za kijivu, moja iliyokolea na nyingine hafifu. Herufi inayofuata imeangukia sehemu nyingine ya mvuto, nayo inatoka na kijivu cha namna yake. Sogeza uso karibu na TV utaona baadhi ya herufi zimenenepa na nyingine ziko sawa, kwenye mstari uleule. Huo ndio ukungu unaodaiwa kuwa wa waya.

Dawa iko kwenye rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta ukubwa au umbo la picha. LG huita "Just Scan", Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", Sony "Full Pixel", Sharp "Dot by Dot". Fanya hivyo kompyuta ikiwa imeunganishwa na inatuma picha, kwa sababu kwenye TV nyingi chaguo hilo halijitokezi ukiwa kwenye chaneli za kawaida au picha ikiwa ya kiwango cha chini. Ukihamisha waya kwenda tundu jingine, usishangae ukilazimika kurudia.

Kinachoniudhi kuliko waya wa dhahabu ni fundi anayeacha rimoti mezani na kwenda kwenye programu ya kadi ya picha, anavuta kile kitelezi cha kupunguza ukubwa mpaka saa ionekane, kisha anasema kazi imekwisha. Haijakwisha. Sasa kompyuta inaisinyaza picha, na TV inaikuza tena. Ni kama nguo iliyokatwa fupi kisha ikaungwa kiraka ifikie urefu wake: imefika, lakini mshono unaonekana. Maandishi yanatoka mabaya kuliko mwanzo, na mteja anaambiwa TV yake ndivyo ilivyo. Kitelezi hicho kina kazi moja halali, nayo ni kinyume chake: kwenye kompyuta zenye kadi ya picha ya AMD na programu yake ya zamani, picha inaweza kutoka imezungukwa na ukanda mweusi. Hapo kompyuta ndiyo imesinyaza, na unakirudisha kitelezi kwenye sufuri.

Ukishaondoa mkato, huenda maandishi meusi yakawa safi ila yale ya rangi bado yanachafuka. Fungua ukurasa wenye herufi nyekundu juu ya bluu. Zikiwa na kingo chafu, TV inapunguza rangi. Katika mfumo wa 4:2:0, kila pikseli inabaki na mwanga wake, ila rangi inagawanwa na pikseli nne. Kwa filamu hutaona tofauti, kwa maandishi utaiona mara moja. Samsung na LG zina njia ya kulimaliza: nenda kwenye orodha ya matundu, lipe tundu hilo jina la PC. Si pambo. Kwenye aina hizo jina hilo linaiamuru TV iache kuchezea picha, na mara nyingi mausi nayo inakuwa nyepesi.

Kuhusu ukali wa picha, ile "Sharpness", kuna kanuni inayorudiwa kila mahali: weka sufuri. Siiamini. Kwenye TV nyingine sufuri ni hali ya kutofanya chochote, kwenye nyingine sufuri tayari inalainisha na hali tulivu iko katikati. Fungua maandishi meusi kwenye weupe, ongeza mpaka uone kivuli cheupe kuzunguka herufi, kisha rudi nyuma mpaka kipotee. Jicho lako ni hakimu bora kuliko namba ya mtu mwingine.

Yaliyobaki ni mafupi. Mausi ikiburuta mkia kwenye 4K, kompyuta inatuma Hz 30 badala ya 60, na huenda ndiyo mwisho wa HDMI 1.4 iliyomo ndani yake. Shuka 1080p ufanye kazi kwa raha. TV yenye kioo cha 1366 kwa 768 haitakupa 1080p safi hata ikiipokea, kwa sababu haina pikseli hizo. Skrini ikiwa nyeusi kwenye filamu tu na kwingine iko sawa, hiyo ni HDCP, ulinzi wa haki za filamu, na mara nyingi mkosaji ni adapta iliyo katikati. Tundu la USB-C si lazima litoe picha, soma alama pembeni yake.

Kuna ushauri wa kuwasha TV kwanza, kompyuta baadaye. Kwa nadharia hauna maana. Maelezo ya TV, yaani ukubwa wa picha inaoweza kupokea, yanakaa kwenye chipu yake iitwayo EDID, na kompyuta yenyewe inaipelekea volti 5 kupitia pini ya 18, kwa hiyo yanatakiwa kusomeka hata TV ikiwa imezimwa. Nadharia naijua, na bado nawasha TV kwanza, kwa sababu nimeona rezolusheni sahihi, yaani idadi sahihi ya pikseli, ikirudi kwa kufanya hivyo tu.

La mwisho ni weusi. Ukionekana wa kijivu kama kuna vumbi mbele ya skrini, kompyuta inatuma mwanga wa kati ya 16 (nyeusi) na 235 (nyeupe), na TV inasubiri 0 hadi 255. Ikiwa kinyume chake, sehemu za giza zinameza kila kitu, huoni hata mikunjo ya koti jeusi. Usiguse mwangaza wala kontrasti. Tafuta "HDMI Black Level" kwenye TV na "Full" (0 hadi 255) au "Limited" (16 hadi 235) kwenye programu ya kadi ya picha, na uzilinganishe pande zote mbili. Kwa kompyuta nachagua "Full" huku na huku. TV ikikataa "Full", rudisha kompyuta kwenye "Limited", weusi utakaa sawa.