Rejeta ya hita: ile ya pili, iliyojificha ndani ya dashibodi

Gari linalopoozwa kwa maji huwa na rejeta mbili. Ya mbele kila mtu anaijua. Ya pili ni ndogo, kama kitabu hivi, na imefichwa ndani ya dashibodi. Maji ya moto ya injini huingia na kutoka kwa mipira miwili inayopita kwenye bati lililo kati ya injini na miguu yako. Feni hupuliza hewa katikati ya vibati vyake vyembamba, na hiyo ndiyo hewa ya moto unayoifurahia Njombe au Limuru asubuhi ya Julai.

Kwenye magari mengi maji hayo hupita humo hata kama hita haijawahi kuwashwa. Ndiyo maana gari la Dar es Salaam nalo hutoboka rejeta ya hita, hasa likizoeshwa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Kutu haiulizi hali ya hewa.

Ikivuja, utasikia harufu tamutamu, kioo cha mbele kitaingia ukungu wenye mafuta ambao ukiufuta unarudi, na kapeti upande wa abiria litalowa. Hapo wengi hukosea, wakadhani ni maji ya eyasi (kiyoyozi). Chovya kidole, usugue na gumba. Maji ya eyasi ni maji tu; kulanti inateleza na ina rangi. Usionje, ni sumu, na usiiache wazi mbwa akainywa.

Kama haivuji ila hewa ni ya baridi, shika mipira yote miwili kwa tahadhari injini ikiwa na moto. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, huenda rejeta imeziba. Jaribu kwanza kuisafisha kwa maji ya mgandamizo mdogo, yakiingilia upande wa kutokea.

Kuna mafundi wanaounganisha mipira hiyo miwili na kuiruka rejeta kabisa. Kwa kukufikisha nyumbani, sawa. Lakini kwa anayeendesha kwenye ukungu wa nyanda za juu sikubali hata kidogo, maana hewa hiyo ya moto ndiyo inayokausha kioo.

Ukiamua kuibadilisha mwenyewe, jua kwamba kifaa ni kidogo ila kazi ni dashibodi. Magari machache huifikia kwa kufungua kisanduku cha mbele ya abiria; mengi hutaka dashibodi nzima ishuke. Injini ipoe kabisa, betri ichomolewe kwa sababu ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), kulanti ikingwe kwenye beseni. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Ukikuta bomba za gesi ya eyasi zimeingia kwenye boksi hilohilo lenye rejeta ya hita na lazima zifunguliwe, simama: gesi hiyo inyonywe na fundi mwenye mashine.

Ukishafunga, jaza kulanti, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa injini ikinguruma taratibu hadi mapovu yaishe. Kisha shika tena ile mipira: safari hii yote miwili iwe ya moto.